Nani Kaweka 0.5? Wahusika wa Kusadikika na Barabara za Singida

Katika semina moja ya uhakiki mwenzetu aliingia na jedwali. Mjadala ulikuwa ule ule wa siku zote: nani hasa mhusika mkuu katika riwaya tuliyopewa? Wengine tulikuja na vitabu vyenye kurasa zilizokunjwa pembe, yeye akaja na orodha ya majina, na mbele ya kila jina namba yenye nukta. Jina la juu ndilo mhusika mkuu, akasema. Dada mmoja akauliza kwa nini. Jibu likawa: "Hesabu ndiyo imesema." Basi, chumba kikanyamaza. Watu waliokuwa tayari kuvutana mashati juu ya riwaya ile walifunga vitabu vyao mbele ya tarakimu mbili baada ya nukta.

Ukimya ule ndio uliozaa makala haya. Sina ugomvi na jedwali. Kusema kweli nililipenda, na nilikaa nalo likizo nzima. Ugomvi wangu ni na namba moja tu iliyokuwa imefichwa ndani yake, ambayo hakuna aliyeiuliza, na mimi mwenyewe sikujua kwamba ipo.

Tunafahamu jinsi tulivyofundishwa shuleni. Mhusika mkuu ni yule aonekanaye tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi, na wahusika wengine wanamsaidia ajitokeze. Kigezo hiki ni cha kuhesabu, tusidanganyane. Tunahesabu kurasa, kisha tunaiita hesabu hiyo usawiri. Aliyekuja na jedwali alikuwa anahesabu kitu kingine: nani anakutana na nani, na kupitia kwake anamfikia nani mwingine. Wazo hilo halikuanza kwetu. Mwaka 1953 Leo Katz alipendekeza kwamba hadhi ya mtu katika kundi isipimwe kwa idadi ya wanaomchagua tu, bali pia kwa hadhi ya wale wanaomchagua, na kwamba kila hatua ya mbali ipunguziwe thamani. Mwaka 2011 Franco Moretti alichora mtandao wa wahusika wa Hamlet ya Shakespeare, akiunganisha kila wawili waliosemezana, halafu akawa anawaondoa mmoja mmoja aone mtandao unavunjika wapi. Yeye alikiri kwamba mistari yake haina uzito wala mwelekeo. Mwenzetu wa semina alikuwa ameongeza uzito. Sasa, uzito gani?

Likizo ilinikuta Iramba. Anayetoka Singida mjini kwenda Kiomboi hushuka Misigiri, barabara kuu ikaendelea zake Shelui na Igunga, naye akabaki njia panda akisubiri gari. Mahali pale mtu ana muda mwingi wa kufikiri. Mwenzangu wa Jiografia, ambaye tulikuwa tunasafiri pamoja, alicheka nilipomweleza habari za jedwali la semina. "Hiyo bwana ni ya kwetu," akasema. "Sisi tunaifanyia barabara." Akachukua daftari langu, akanichorea mkoa mzima kama mtoto anavyochora mti: vituo ni vitone, barabara ni mistari. Nikaona heri nijifunze kwenye barabara kwanza, maana barabara hazina dhamira wala falsafa za kunichanganya. Nilikosea kidogo hapo, kama itakavyoonekana.

Tuliteua vituo 11: Shelui, Misigiri, Kiomboi, Iguguno, Nduguti, Singida, Ilongero, Ikungi, Mkiwa, Manyoni na Itigi. Miunganiko nayo ni 11. Shelui inashikana na Misigiri. Misigiri inashikana na Kiomboi na Iguguno. Iguguno inatoa mkono kwenda Nduguti, makao ya wilaya ya Mkalama iliyoanzishwa 2012, na mwingine kwenda Singida. Singida inashika Ilongero na Ikungi, Ikungi inashika Mkiwa, na Mkiwa inagawanya njia kwenda Manyoni na kwenda Itigi. Manyoni na Itigi zimeshikana zenyewe, hivyo kusini kuna pembetatu. Njia ndogo ndogo tumeziacha. Tuliteua, neno hilo nitalirudia.

Kazi ya lahajedwali ni nyepesi kuliko inavyotisha. Andika majina 11 kushuka chini, na majina yale yale kwenda kulia. Panapokutana vituo viwili vilivyoshikana moja kwa moja andika 1, pengine pote andika 0. Kituo hakishikani na chenyewe, kwa hiyo mshazari wote ni 0. Hiyo ndiyo matriksi ya miunganiko. Ukijumlisha mstari wa Misigiri unapata 3, wa Ikungi 2, wa Kiomboi 1. Hapa hatujafanya la ajabu, tumehesabu milango tu. Na kwa milango, Misigiri, Iguguno, Singida na Mkiwa zinafungana, kila moja 3. Makao makuu ya mkoa, ambao ni mkoa tangu 1963, yanalingana na njia panda niliyosinzia nikisubiri gari.

Uhondo unaanza kwenye vipeo. Matriksi ikizidishwa kwa yenyewe inatoa kipeo cha pili, na kila namba ndani yake inakuambia kuna njia ngapi za hatua mbili kati ya vituo viwili. Kwa nini? Chukua mstari wa Shelui na safu ya Iguguno. Unazidisha namba ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili, hadi ya kumi na moja, kisha unajumlisha. Panapotoka 1 ni mahali ambapo Shelui ina mlango na Iguguno nayo ina mlango, yaani kituo cha katikati wanachokifahamu wote wawili. Kipo kimoja, Misigiri. Jibu ni 1. Basi kuzidisha si uchawi. Ni kuuliza jirani wa pamoja ni nani, kama wafanyavyo washenga.

Katika Excel kazi hiyo inafanywa na MMULT. Kama matriksi imekaa B2 hadi L12, unaandika =MMULT(B2:L12,B2:L12) kuanzia B16. Matoleo ya zamani yanataka uchague kwanza eneo zima la B16 hadi L26, uandike, halafu ubonyeze Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Ukisahau utapata namba moja pweke na utadhani umeharibu. Mimi nilidhani hivyo jioni nzima. Matoleo mapya yanamwaga jibu lote yenyewe. Kipeo cha tatu ni kipeo cha pili kukizidisha tena kwa matriksi ya mwanzo, nacho nikakiweka B30 hadi L40. Hizo ni njia za hatua tatu.

Mtu atalalamika kwamba humo mna safari za kipuuzi. Ni kweli. Mshazari wa kipeo cha pili unaipa Misigiri 3, na hizo ni kwenda Shelui na kurudi, kwenda Kiomboi na kurudi, kwenda Iguguno na kurudi. Abiria gani anafanya hivyo? Wengine hufuta mshazari. Mimi niliuacha, kwa sababu lengo langu lilikuwa watu wa hadithini, na neno likitoka kwa mtu aghalabu humrudia.

Sasa kinakuja kile kilichofichwa. Unataka kujumlisha hatua moja, mbili na tatu ili upate alama moja kwa kila kituo. Lakini hatua tatu haziwezi kuwa na thamani sawa na mlango wa nyumbani. Kwa hiyo unachagua sehemu, tuseme 0.5. Hatua ya kwanza unaizidisha kwa 0.5, ya pili kwa 0.5 mara 0.5, ya tatu kwa 0.5 mara tatu. Matriksi tatu zinajumlishwa seli kwa seli, na unapata matriksi moja yenye uzito. Kisha unajumlisha mistari. Mwenzetu wa semina alikuwa ameandika 0.5 ndani ya fomula yenyewe, mahali ambapo jicho la msikilizaji halifiki. Mimi niliiweka juu, kwenye seli N1, na fomula nikaiandika =$N$1*B2+$N$1^2*B16+$N$1^3*B30, niweze kubadili uzito nione kinachotokea.

Kilichotokea kilinikalisha. Kwa uzito wa 0.5 Singida ilipata 5.0 kamili. Mkiwa 5.0. Iguguno 5.0. Misigiri 4.375. Wakuu watatu waliolingana hadi nukta! Nikashusha uzito kuwa 0.3: Iguguno ikapanda peke yake ikiwa na 1.908, Singida na Mkiwa zikabaki nyuma na 1.872. Nikaufanya uzito kuwa 1, yaani hatua zote zina thamani moja: Singida na Mkiwa 25, Iguguno 24. Ukikaa na kalamu utaona sababu. Iguguno ina njia 7 za hatua mbili wakati Singida ina 6, lakini katika hatua tatu Singida ina 16 na Iguguno 14. Tofauti yao inageuka pale pale kwenye 0.5. Chini ya hapo kwa vyovyote mkuu ni Iguguno, juu ya hapo kwa vyovyote ni Singida na Mkiwa.

Kwa hiyo yule aliyesema hesabu ndiyo imesema, kwenye mchoro huu angekuwa amesema yeye. Kuchagua 0.3 ni kusema kwamba la muhimu ni majirani na majirani zao. Kuchagua 0.8 ni kusema mikono mirefu ina thamani. Zote mbili ni hoja halali, lakini hoja hutetewa mdomoni mbele ya watu.

Kuna jambo baya zaidi kuhusu 0.5. Tulisema hatua ya mbali ipunguziwe thamani. Nilijumlisha mkoa mzima: hatua ya kwanza kuna njia 22, ya pili 52, ya tatu 116. Zidisha kwa uzito wake. Kwa 0.5 hatua ya kwanza inachangia 11, ya pili 13, ya tatu 14.5. Yaani mbali kumekuwa kuzito kuliko karibu! Njia zinaongezeka zaidi ya mara mbili kwa kila hatua, na nusu haiwezi kuzizuia. Kwa 0.3 michango ni 6.6, kisha 4.68, kisha 3.132, na hapo ndipo umbali unafifia kama tulivyodai. Nusu inaonekana namba ya heshima, namba ya katikati isiyopendelea mtu. Kumbe katika mtandao huu inapendelea wa mbali.

Nilipomwonyesha mwenzangu wa Jiografia hakushangaa. Alichonijibu kiliniuma zaidi: "Halafu mbona Singida yako imefungwa kama debe?" Kweli. Tulichora mkoa tukakata kila kitu mpakani. Barabara ya Singida kwenda Katesh na Babati haimo. Shelui kwenda Igunga haimo, Manyoni kwenda Bahi haimo, Itigi kwenda Tabora haimo. Nikaongeza vitone vinne vya nje na mistari minne. Singida ikawa na milango 4, na tangu hapo haikushikika. Kwa uzito wa 0.3 ilipata 2.451, Mkiwa 2.187, Iguguno 2.052. Nikajaribu uzito mdogo, nikajaribu mkubwa, Singida juu. Ukubwa wa mji ule hauonekani ukiutazama kutoka ndani ya mkoa peke yake. Unatoka nje ya mchoro.

Hapo ndipo nilipofungua tena Kusadikika.

Riwaya hiyo ya Shaaban Robert ilichapishwa 1951 na sidhani kama kuna msomaji wa gazeti hili asiyeifahamu. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya Mfalme na baraza lake, kosa lake ni kueneza elimu ya sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande sita zinazoizunguka nchi wakalete mambo ya manufaa, na waliporudi wakaambulia kifungo. Wahakiki wengi wameisoma kama fumbo la utawala wa kikoloni, na sina sababu ya kuwapinga. Swali langu ni dogo zaidi. Karama ni mkuu kwa njia gani? Kwa kurasa, hakuna ubishi. Lakini kurasa nyingi anazozijaza ni za watu wengine.

Niliandika majina tisa: Mfalme (pamoja na baraza lake, kwani nimelichukua kama mdomo wake), Majivuno, Karama na wale sita. Kwanza nilitumia kanuni ya Moretti kwa ukali: 1 waandikiwe wale tu waliosimama uso kwa uso. Mfalme ameunganika na wote, ana 8. Karama ana 2, Mfalme na Majivuno. Majivuno naye ana 2, Mfalme na Karama. Kila mjumbe ana 1. Uzito nikauweka 0.1, maana mtandao huu una mtu mmoja mwenye mikono mingi na uzito mkubwa ungelipuka. Mfalme akapata 0.968. Karama 0.320. Majivuno 0.320. Mjumbe 0.190.

Tazama hizo mbili za katikati. Mshtaki na mshtakiwa ni namba moja. Hata uzito ubadilishwe vipi hawatatofautiana kamwe, kwa kuwa ukiwabadilishana majina mchoro unabaki ule ule. Matriksi haijui kwamba mmoja anataka mwenzake aangamie. Inajua wamekutana, basi. Mtu angeniletea jedwali hili semina akaniambia kwamba kwa mujibu wa sayansi Karama na Majivuno wana nafasi moja katika riwaya, ningemwomba akasome upya. Na bado sitaki kulitupa, kwa sababu linasema jambo la kweli kuhusu mwanzo wa kesi: Karama anaingia barazani akiwa hana mtu. Wale sita wamo gerezani na hana mkono wa kuwafikia isipokuwa kwa kupitia kwa Mfalme yule yule.

Kisha nikauliza: na kusimulia je? Karama anapomtaja Buruhani mbele ya baraza, akaeleza alikokwenda na alichokileta, je, hajashikana naye? Kwa maoni yangu ameshikana naye kuliko mlinzi wa gereza anayemwona kila siku. Katika fasihi yetu msimulizi si kasuku. Nyumbani kwetu bibi akisimulia, watoto huulizana kesho yake kama yeye alikuwepo. Basi nikaandika 1 sita zaidi, Karama na kila mjumbe, nikaacha lahajedwali lijipange upya.

Mfalme 1.154. Karama 1.154. Majivuno 0.404. Kila mjumbe 0.404.

Nilirudia kuhakiki seli moja moja nikidhani nimekosea. Sikukosea. Kwa tendo moja la kusimulia Karama amesimama sawa na Mfalme, kila mmoja akiwa na milango 8, na ukiwabadilishana majina mchoro hautikisiki. Majivuno je? Milango yake ni miwili, Mfalme na Karama. Milango ya mfungwa ni ipi? Mfalme na Karama. Waziri amejikuta kwenye benchi la wafungwa bila mtu kumgusa. Hakuna aliyempunguzia chochote. Mistari yake ni ile ile ya mwanzo, waliopanda ni wenzake.

Sisemi kwamba Shaaban Robert alikaa akahesabu. Ninasema kwamba utetezi wa Karama tunauzoea kuusoma kama maudhui, yaani hoja za haki na uhuru zilizotiwa kinywani mwa mhusika, wakati katika fani ya kitabu ni tendo linalohamisha watu mahali pao. Kila hadithi ya mjumbe ni mstari mmoja unaochorwa mbele ya macho ya Mfalme. Wasomaji wanaolalamika kwamba hadithi zile sita zinafanana na zinachosha (nimewahi kuwa mmoja wao, na nilipewa alama ndogo kwa kulisema bila ushahidi) waangalie jedwali kabla ya mstari wa sita. Usawa na Mfalme haupatikani kwa mjumbe mmoja wala watano. Lazima watimie.

Nikakumbuka debe la Singida. Wale sita hawakukaa nyumbani, kila mmoja alitoka kwenda upande wake na kukutana na watu wa huko. Katika mchoro wangu niliwakata mpakani kama nilivyoikata barabara ya Katesh. Nikaongeza vitone sita vya nje, kimoja kwa kila mjumbe. Majivuno, kwa usomaji wangu, hana safari, kwa hiyo sikumpa kitu. Matokeo: Mfalme na Karama 1.226 kila mmoja, mjumbe 0.529, Majivuno 0.416. Mfungwa amempita waziri. Na safari hii si suala la uzito, kwani anampita katika hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu: 3 kwa 2, 17 kwa 16, 59 kwa 56. Weka N1 namba yoyote uipendayo iliyo juu ya sifuri, mfungwa yuko juu.

Hapo nadhani jedwali limenifundisha kitu ambacho kurasa zilizokunjwa pembe hazikunifundisha. Siku zote nimeeleza kifungo cha wajumbe kwa neno dhuluma nikaishia hapo. Lakini dhuluma hii ina mantiki yake. Ndani ya mpaka uliofungwa waziri na mfungwa wanaweza kulingana. Mpaka ukifunguliwa, aliyesafiri anamzidi asiyesafiri, na nafuu pekee ya Majivuno ni kuhakikisha kitone kile cha nje hakihesabiwi. Kumfunga Buruhani ni kumkata mpakani.

Kuna mtu ataniambia nimefanya kile kile nilichomlaumu mwenzetu wa semina, nimeongeza mistari hadi nikapata ninachokitaka. Hoja hiyo ina nguvu na sitaikwepa. Ndiyo, niliamua kusimulia ni muunganiko. Niliamua Mfalme na baraza ni kitone kimoja, ambapo mwingine angewatenganisha. Niliamua 0.1. Sikuandika mwelekeo, na hiyo ni kasoro kubwa, maana amri ya Mfalme kwenda kwa mjumbe si sawa na ombi la mjumbe kwenda kwa Mfalme, wakati katika matriksi yangu zote ni 1. Ingewezekana pia badala ya 1 kuweka idadi ya mara walizosemezana, na huo ni uzito mwingine kabisa usichanganywe na ule wa hatua. Tofauti kati yangu na mwenzetu ni moja: maamuzi yangu umeyasoma hapa juu, na kila moja lina mahali pake kitabuni ambapo unaweza kunibana.

Nilitaka pia kujaribu ngano za Kinyiramba nilizosimuliwa utotoni. Nilishindwa. Msimulizi akibadilika, anayekutana na nani naye anabadilika. Shangazi yangu humpa sungura safari moja zaidi ya ile anayompa bibi, na kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo yenyewe. Ningehitaji matriksi kwa kila mdomo. Labda atakayefuata afanye hivyo, azilinganishe.

Faili ninalo, na nimeiweka seli ya N1 rangi ya njano. Anayetaka kulitumia aniombe. Na atakayeona nimeandika 1 mahali pa 0, hasa kwa Karama na wale sita, aje semina ijayo na ukurasa wa Kusadikika mkononi, tuibadilishe seli hiyo mbele ya watu wote.